Utawala bora: tatizo sio ngazi, tatizo ni nani anaweza kumtoa nani kwenye kiti

Mjadala wa utawala bora ukianza tu watu wanagawanyika fasta. Kuna wanaosema madaraka yashushwe chini kwa wananchi, maana mtu wa mtaani anajua shimo la barabara yake kuliko waziri yeyote. Kuna wanaosema nyie mnaota, huko chini ndo kuna upigaji wa kufa mtu, acha serikali kuu ishike kila kitu alafu tuibane yenyewe. Na siku hizi kuna kundi la tatu linaloona yote hayo ni kupoteza muda kwasababu maamuzi mazito yanafanyika nje ya nchi, huko IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa, linalokopesha nchi) na Umoja wa Mataifa, kwahiyo hata ukichagua malaika anafika anakuta mkataba ushasainiwa zamani.

Kila kundi lina ukweli wake na mimi niseme mapema nilipo ili msomaji asihangaike kunivizia. Ngazi yenyewe sio ishu sana. Ishu ni kwamba anayeumia na uamuzi mbovu ana uwezo gani wa kumfanya aliyeamua ajieleze, na akishindwa kujieleza amtoe. Hapo pakikatika, kijiji na baraza la dunia vinaoza vilevile.

Tuanze huku chini, na mfano mzuri ni Indonesia. Rais Suharto, aliyetawala kwa mkono wa chuma, alivyong'oka 1998, mwaka uliofuata zikapitishwa sheria za kugatua madaraka na ilipofika 2001 hela na majukumu yakaenda wilayani kwa mkupuo mmoja. Wanaotetea ugatuzi wanaipenda sana hii stori na kweli ina mazuri yake, wananchi wakaanza kuwaona viongozi wao kwa karibu na baadae hata kuwachagua wenyewe moja kwa moja. Ila tume yao ya kupambana na rushwa, KPK, imekuja kukamata wakuu wa wilaya na mameya wengi mpaka watu wakazoea. Yaani bosi mkubwa mmoja aliondoka wakazaliwa mabosi wadogo kila kona.

Sasa hapohapo Indonesia mchumi mmoja, Benjamin Olken, alifanya kitu ambacho naona kila anayeongelea uwajibikaji angekisoma kwanza. Alifuatilia miradi ya barabara kwenye vijiji zaidi ya 600 kisiwani Java. Barabara ikiisha, mainjinia wanaenda kuchimba vishimo kwenye barabara yenyewe, wanapima mawe, mchanga na changarawe iliyomo kweli, wanalinganisha na kilichoandikwa kwenye vitabu vya mradi, na tofauti inayobaki ndo kilicholiwa. Baadhi ya vijiji viliambiwa mapema kabisa kwamba nyie lazima mkaguliwe na wakaguzi wa serikali kuu, wakati kawaida uwezekano wa kukaguliwa ulikuwa kama asilimia 4 tu. Vijiji vingine wananchi walipewa mialiko kwa mamia waje kwenye mikutano ya kusoma mapato na matumizi.

Matokeo yake yanawakera watu wa kundi la kwanza. Ukaguzi kutoka juu ulipunguza hela inayopotea kwa karibu asilimia 8 ya matumizi. Ile mialiko ya wananchi, kwa ujumla, haikufanya la maana. Lakini ukiingia ndani unaelewa kwanini, maana mialiko ilipunguza kidogo wizi wa malipo ya vibarua ila kwenye mawe na mchanga haikugusa kitu. Mtu anajua kabisa kama kalipwa ujira wake au hajalipwa, ila tani ngapi za changarawe zimepungua huwezi kuziona kwa macho hata ungekaa mkutanoni mpaka usiku. Na kuna utamu mwingine, kwenye vijiji vilivyokaguliwa wizi wa hela ulipungua ila ndugu wa viongozi wa mradi wakawa wanapata zaidi ajira kwenye mradi huohuo. Ukibana huku inatokea kule. Mi nacheka kila nikikumbuka hiyo sehemu japo haichekeshi.

Kwahiyo kundi la pili limeshinda? Hapana, taratibu kwanza. Brazil mwaka 2003 walianza kuchagua manispaa za kukaguliwa kwa bahati nasibu, hadharani, na ripoti zikawa zinatolewa kwa umma. Zikatokea ripoti nyingine kabla ya uchaguzi wa 2004 na nyingine baada. Waliochambua kura wakakuta mameya ambao madudu yao yalitoka kabla ya uchaguzi waliangushwa zaidi, na waliangushwa zaidi sana pale palipokuwa na redio ya hapohapo mjini ya kuisoma ile ripoti. Angalia hapo. Mkaguzi katoka juu, hana undugu na meya wala hamuogopi, ila adhabu imetoka chini kwa watu walionyimwa huduma. Kimoja bila kingine hakitoshi. Ripoti bila kura inabaki kwenye kabati, na kura bila ripoti inaenda kwa anayeongea vizuri jukwaani.

Mfano unaopendwa zaidi ni wa Uganda. Kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilikuwa zinapokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa kwa ajili yao, zilizobaki zinayeyukia njiani kwa maofisa wa wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya na ilipofika 2001 shule zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80. Safi sana, ila wapo waliobisha kwamba sio magazeti peke yake, kipindi hichohicho serikali ilibadilisha na utaratibu mzima wa kutuma hizo hela. Nadhani wabishi wana hoja. Uwazi peke yake unasifiwa kupita kiasi, unafanya kazi pale ambapo mtu akishajua kuna mlango wa kugonga, na nyuma ya mlango kuna mtu wa kufungua.

Kitu kinachosahaulika kabisa kwenye mijadala ya serikali za mitaa ni hela inatoka wapi. Halmashauri ambayo karibu bajeti yote inaletewa kutoka serikali kuu, macho ya viongozi wake yako huko juu. Watahangaika ripoti ipendeze, wageni wapokelewe vizuri, fomu zijazwe kwa wakati, na mwananchi anakuwa kama mtazamaji tu. Unaweza kusema basi kila eneo lijikusanyie kodi lijiendeshe, lakini hapo maeneo maskini yanabaki maskini milele na yenye madini au bandari yanapaa. Kwahiyo lazima kuwe na mgawo kutoka juu, hilo halikwepeki. Ninachokataa mimi ni mgawo ambao mwananchi hajui ni kiasi gani, umefika lini na nani kausaini. Hiyo sasa ni hongo ya serikali kuu kwa viongozi wa chini.

Tupande ngazi ya taifa. Hapa ubishi mkubwa ni kama unahitaji demokrasia ndo upate utawala bora au unahitaji mkono wa chuma tu, na watu wa mkono wa chuma wana mifano ya kujivunia. Hong Kong ilikuwa koloni, hakuna kura ya maana, na polisi wake rushwa ilikuwa ni sistimu kamili. Mwaka 1973 afisa mkubwa wa polisi, Peter Godber, akiwa anachunguzwa kwa mali ambazo mshahara wake usingeweza kuzieleza, alitumia kitambulisho chake cha polisi kupita uwanja wa ndege na kutokomea Uingereza. Wananchi wakaingia barabarani. Februari 1974 ikaanzishwa ICAC, tume huru iliyo nje ya polisi inayoripoti kwa gavana mwenyewe, na Godber akarudishwa akafungwa miaka minne.

Hiyo ndo sehemu wanayoipenda kusimulia. Sehemu wasiyoisimulia ni kwamba 1977 polisi wenyewe waliandamana na wengine wakavamia ofisi za hiyo tume, na gavana MacLehose akalegeza akatoa msamaha kwa makosa mengi ya nyuma ambayo hayajafunguliwa kesi. Kuna wanaoona ule ulikuwa usaliti. Mimi naona ndo uliookoa tume, maana ukitaka kumfunga kila mtu siku moja unakuta wote mliotaka kuwafunga wameungana dhidi yako. Ila nakubali pia kwamba msamaha wa hivyo kwenye nchi ambayo haina tume imara unageuka kuwa tiketi ya kuendelea kupiga.

China nayo inatajwa sana, kwa hesabu za Benki ya Dunia watu karibu milioni 800 wametoka kwenye umaskini mkubwa ndani ya miaka 40. Huwezi kuipuuza namba hiyo na anayeipuuza hayuko siriazi. Lakini ni chama kilekile kilicholeta njaa ya 1959 hadi 1961 iliyoua mamilioni ya watu, wakati viongozi wa chini wanapeleka juu takwimu za mavuno ya uongo kwasababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema ukweli. Mkono wa chuma ukiwa na akili unaenda mbio, ukikosea hakuna breki. Na hujui utapata upi, maana hukuuchagua.

Malaysia sasa inaonyesha upande mwingine, kwamba kura nayo sio dawa ya haraka. Kashfa ya mfuko wa serikali wa 1MDB ilikuwa wazi kabisa kwa yeyote anayesoma magazeti. Mwanasheria mkuu wa serikali aliondolewa kazini 2015 uchunguzi ukiwa unaendelea, waziri mkuu Najib Razak, ambaye ndo alikuwa anatuhumiwa, akabaki. Ilibidi wananchi wasubiri uchaguzi wa 2018 ndo wamtoe, na jela akaingia Agosti 2022. Miaka mingi, ila njia ilikuwepo na ilitumika, na mimi hiyo njia siiuzi kwa barabara za lami hata ziwe nzuri kiasi gani.

Alafu angalia hizo hela zilipita wapi. Marekani ilisema zaidi ya dola bilioni 4.5 zilichotwa, zikazunguka kwenye mabenki ya Uswisi, Singapore na kwingineko, zikanunua majumba na boti ya kifahari, na benki ya Marekani ya Goldman Sachs ndo waliosaidia ule mfuko kukopa na wakavuna kamisheni nene, baadae wakalipa mabilioni ya faini na fidia. Kwahiyo yule mpigaji wa taifa hawezi kupiga kwa kiwango hicho bila ofisi safi za nchi zenye sifa ya utawala bora. Tunapewa alama za uwajibikaji na watu ambao mabenki yao ndo stoo.

Na hapa ndo tunafika ngazi ya dunia, ambako mimi uvumilivu wangu unaisha haraka. Neno utawala bora lilipata umaarufu kwenye misaada baada ya ripoti ya Benki ya Dunia ya 1989 kuhusu Afrika kusini mwa Sahara, iliyosema shida ya bara ni ya kiutawala. Sawa, kulikuwa na ukweli mwingi. Ila benki yenyewe rais wake tangu ianze ni raia wa Marekani na bosi wa IMF siku zote katoka Ulaya, na maamuzi makubwa ya IMF yanataka asilimia 85 ya kura huku Marekani peke yake ina zaidi ya 16, yaani peke yake inaweza kuzuia. Watetezi wanasema hizo ni taasisi za wanahisa, anayeweka hela nyingi ndo mwenye sauti, vinginevyo hatoweka. Na wana hoja kwamba kura moja kila nchi nayo ina vituko vyake, Tuvalu yenye watu elfu kumi na kitu inalingana na India. Lakini masharti ya mkopo hayawapati wanahisa, yanampata mtu ambaye hajui hata jina la aliyeyaandika.

Kwamba haiwezekani kufanya vizuri zaidi, hapo ndo nakataa. Itifaki ya Montreal ya 1987 ya kulinda tabaka la ozoni, lile la juu angani linalotukinga na mionzi mikali ya jua, imeridhiwa na kila nchi, na mfuko wake unaosaidia nchi zinazoendelea kuacha kemikali zinazoliharibu una kamati ya wajumbe 14, saba kutoka nchi tajiri na saba kutoka nchi zinazoendelea. Wenye hela waliendelea kutoa hela. Ni kweli ozoni ilikuwa kesi nyepesi, kemikali mbadala zilipatikana na kampuni zinazohusika zilikuwa chache, huwezi kuinakili moja kwa moja kwenye mafuta na makaa ya mawe. Ila inaondoa kisingizio kwamba tajiri akigawana kura anakimbia.

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ndo gumu kuliko vyote. Wakubwa watano wana kura ya turufu tangu 1945, yaani mmoja wao akikataa azimio limekufa, na mara pekee baraza limeongezwa viti ni 1965, kutoka 11 kwenda 15, bila kugusa turufu ya mtu. Kuibadilisha kunahitaji ridhaa ya haohao watano. Aprili 2022, kwa hoja iliyoongozwa na nchi ndogo ya Liechtenstein, Baraza Kuu, lile lenye nchi zote wanachama, lilipitisha kwamba turufu ikipigwa, linaitishwa ndani ya siku kumi za kazi kuijadili. Wengi waliipuuza wakasema ni maongezi tu, na kiukweli haijazuia turufu hata moja, zimeendelea kupigwa. Mimi siipuuzi japo siishangilii. Kabla yake Baraza Kuu halikuwa na zamu yake ya kuuliza, sasa kila mara suala linaletwa mbele ya wanachama wote na aliyepiga anaachwa ama ajitetee ama akae kimya mbele yao, na hotuba zote zinabaki kwenye rekodi. Kumtoa kwenye kiti bado hakuna anayeweza.