Jenereta ya petroli kwenye trela la kulala: ipewe kazi gani?

Mtu akishaligeuza trela la mizigo kuwa makazi ya safari, akaweka kitanda, jiko na friji, suala la umeme haliepukiki. Wengi hukimbilia jenereta ndogo ya petroli, ya wati 2,000 hivi. Wengine hawataki hata kuisikia ikitajwa; kwao sola na betri zinatosha. Kwa maoni yangu, jenereta ni msaidizi mzuri sana wa betri, lakini ukiifanya chanzo kikuu cha umeme itakuchosha, na ukiiweka mahali pabaya itakuua.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Jenereta haijali mawingu. Paneli ya sola ya wati 100 huweza kutoa wati-saa 400 hivi siku ya jua kali, lakini mvua ikishika siku tatu mfululizo, au ukiegesha chini ya miti, unaambulia kidogo mno. Halafu kuna kiyoyozi. Kile cha kawaida cha kwenye paa hula wati 1,300 hadi 1,500 kinapopoza, na kompresa inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200 hivi, kwa hiyo haiwezi kukiendesha hata saa nzima. Anayetaka ubaridi usiku kucha mbali na nyaya za umeme, bila kununua lundo la betri, hana njia nyingine ya bei nafuu.

Kiondoe kiyoyozi, hesabu inageuka. Friji ya kompresa ya volti 12 hula wati 40 hadi 60, tena haizunguki muda wote. Ongeza taa za LED, feni, pampu ya maji na kuchaji simu: matumizi ya siku mara nyingi hayafiki wati-saa 1,000. Kuwasha injini ya wati 2,000 kutwa kwa ajili ya mzigo huo ni kuchoma petroli bure. Hata jenereta ya inveta, ambayo hupunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo, inakunywa mafuta ili tu izunguke, na majirani waliokuja kutafuta utulivu wanaisikia.

Ndiyo maana naipenda zaidi ikitumika kwa saa moja au mbili asubuhi, betri zikiwa chini, kisha paneli zimalizie. Betri za asidi hasa zinafaidika na mpango huu: zikiwa tupu hupokea umeme kwa kasi, lakini sehemu ya mwisho hujaa polepole kwa saa nyingi, na kazi hiyo ya polepole jua huifanya bila gharama. Ila usitegemee tundu la volti 12 lililopo kwenye jenereta yenyewe. Nyingi hutoa ampea 8 tu, yaani kama wati 100, huku injini ikiunguruma. Chomeka chaja nzuri ya ampea 30 au 40 kwenye soketi ya kawaida, ndipo petroli yako italipa.

Linalonitia hofu ni mahali inapokaa. Kuna wanaoijengea kisanduku mbele ya trela, juu ya mkono wa kuvutia, ili isiibwe na isilowe. Magari ya kulala yanayotoka kiwandani na jenereta yana chumba cha chuma kilichozibwa kisipitishe hewa kuelekea ndani. Trela la kujigeuzia halina. Lina matundu tuliyotoboa wenyewe ya nyaya, mabomba na matundu ya hewa, na kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini, hupita humo. Haina rangi wala harufu. Kichwa huuma, kichefuchefu na kizunguzungu hufuata, mtu akadhani ni uchovu wa safari. Aliyelala hapati hata dalili hizo. Kufungua madirisha si kinga, kwani upepo ukigeuka unaweza kuuingiza moshi humo humo.

Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka kwenye trela, ekzosi ikielekea mbali na watu wote, pamoja na wa hema la jirani. Kengele ya kaboni monoksidi iwe ndani, karibu na unapolala, na ijaribiwe kabla ya kila safari. Waya wa kutoka kwenye jenereta hadi kwenye trela uwe mnene wa kutosha, nao ukunjuliwe wote, maana ukiachwa umezungushwa kwenye gurudumu lake hupata moto.

Hatari hii ya moshi inamrudia mwenye kiyoyozi, kwa sababu yeye ndiye anayetaka injini iwake saa ambazo watu wote wamelala. Hapo mimi siungi mkono jenereta, hata ikiwa na uwezo wa kutosha. Ningelipia eneo lenye umeme wa gridi kwa usiku wa joto kali, au ningepanda kwenye mwinuko wenye baridi, na kuiwasha jenereta kukiwa kumekucha, nikiwa macho.