Mbona Kurosawa hayumo?

Asanteni kwa makala kuhusu filamu zilizotokana na Macbeth, tamthilia ya Shakespeare ya jemadari anayemuua mfalme ili atawale yeye, ila mmeishia Uingereza na Marekani tu, na hapo ndipo sikubaliani nanyi. Iliyonikaa moyoni ni ya Kijapani: Throne of Blood ya mwongozaji Akira Kurosawa, 1957. Mashairi ya Shakespeare hayamo kabisa, lakini tamaa ni ile ile, na mke ni yule yule anayenawa damu isiyotoka. Wachawi watatu wanaomtabiria Macbeth wamekuwa mzimu mmoja unaosokota uzi msituni. Na ule mwisho jamani! Jemadari hauawi na adui, anamiminiwa mishale na askari wake mwenyewe. Mingine ilikuwa mishale ya kweli, ndiyo maana hofu usoni mwa Toshiro Mifune, anayeigiza jemadari huyo, inakuingia hadi mifupani.

Iko pia filamu ya Kihindi, Maqbool ya Vishal Bhardwaj, 2003, ambamo polisi wawili wa Mumbai wanaotabiri kwa nyota ndio wachawi. Hata mwandishi Mmarekani William Faulkner alichota jina la riwaya yake ya 1929, The Sound and the Fury, kwenye maneno ya Macbeth anapopata habari ya kifo cha mkewe. Kwa Kiswahili tunayo tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth. Someni kwanza hiyo, kisha mrudi kwa Kurosawa.