Ada ya chuo haiulizi unaishi mtaa gani

Wapo wazazi hapa Dodoma wanaoamini kwamba mtoto wa Nkuhungu au Chamwino atapunguziwa ada Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwa kuwa chuo kiko mlangoni. Vyuo vyetu vya umma havina ada ya mkoa. Kinachoangaliwa ni uraia: Mtanzania analipa kwa shilingi, na asiye raia ana kiwango chake, mara nyingi kwa dola na kikubwa zaidi. Mtoto aliyezaliwa nje na anatumia pasipoti ya huko asitegemee ukoo wake wa Kondoa umwokoe, kwa sababu sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha.

Ada ya ukazi utakutana nayo ukimpeleka mtoto Marekani. Vyuo vya umma vya majimbo humtoza mkazi wa jimbo kidogo kuliko mgeni, na kwa kawaida hutaka awe ameishi humo walau miezi 12, tena si kwa ajili ya masomo. Ndiyo maana mwenye viza ya mwanafunzi, kwa kawaida, hubaki mgeni hata akimaliza miaka minne.

Tukirudi nyumbani, kinachowaumiza wazazi ni kusoma mstari mmoja tu wa jedwali la ada. Chini yake kuna bima ya afya, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400, na 20,000 ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kisha mitihani, kitambulisho na serikali ya wanafunzi. Mkopo haulipi michango hiyo. Na mkopo wenyewe si lazima ufunike ada yote: ada ikiwa 1,000,000 na Bodi ya Mikopo ikatoa 600,000, hiyo 400,000 ni yako, na michango iko palepale. Kwa maoni yangu, barua ya udahili ingekuja na jumla hiyo imeshapigwa, maana mzazi anayesubiri mauzo ya zabibu za Agosti na Septemba anahitaji kujua kabla hajazigawa fedha.

Maombi ya mkopo nayo hukwama kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne Mohamedi, NIDA kivingine. Rekebisheni mapema, na mhakiki cheti RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kabla dirisha la mkopo halijafunguliwa. Mwenye mzazi aliyefariki ahakiki na cheti cha kifo. Kisipohakikiwa, uyatima wake hautahesabika.

Siku ya kulipa, kila malipo yana kontroo namba yake, anayoitoa mtoto kwenye akaunti yake ya chuo. Usimwambie wakala atumie ya muhula uliopita, wala usilipe hosteli kwa namba ya ada. Fedha itapokelewa, lakini mtoto ataendelea kusomeka anadaiwa, na anayedaiwa anaweza kuzuiwa kufanya mtihani. Ikishatokea, apeleke stakabadhi kwa wahasibu wa chuo wiki hiyohiyo, kwa sababu karibu na mitihani foleni pale huwa ndefu.