Mbwa wa mtaani: chanjo imefanya kazi ambayo sumu haijaiweza

Mtoto aking'atwa na mbwa mtaani, kauli ya kwanza inayomfikia diwani ni moja: wauawe wote. Si kauli ya kudharau. Dalili za kichaa cha mbwa zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Mzazi ambaye mwanawe hupita alfajiri katikati ya kundi la mbwa akienda shule ana haki ya kuogopa.

Lakini kuua hakumwondolei hofu hiyo. Kichaa kilipoingia kisiwa cha Flores, Indonesia, mwishoni mwa miaka ya 1990, mbwa waliuawa kwa wingi wa kutisha na ugonjwa ukabaki pale pale. Mbwa wanaosalimika hupata chakula zaidi, watoto wao hukua, na wengine huhamia kwenye jalala lililobaki bila mbwa. Wenye mbwa huwaficha au huwapeleka kwa ndugu vijiji vya mbali, pengine wakiwa tayari wameambukizwa. Tena risasi haimtambui mbwa aliyechanjwa, ambaye ndiye anayeuzuia ugonjwa usisambae. Sumu nayo huliwa hata na paka, na kifo chake ni mateso matupu.

Pemba walifuata njia nyingine. Baada ya miaka minne ya kuchanja mbwa kwa kurudia, kichaa kilitoweka kisiwani mwaka 2014. Mwishoni mwa 2016 kikaingia tena kutoka nje na kuua watu, kisha kikadhibitiwa upya kwa chanjo hadi kikaisha 2018. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko hoja yoyote ya huruma, ingawa unabeba onyo pia: lengo ni kufikia asilimia 70 ya mbwa, na kampeni ya mara moja haitoshi.

Sisi tunaowatetea wanyama nasi tuna la kujibu. Chanjo haizuii mbwa kung'ata wala kuua mbuzi wa jirani. Mbwa mkali au mgonjwa lazima aondolewe, na kama hana budi kufa, afe mikononi mwa daktari wa mifugo bila kuteswa. Kwa paka, kumwaga dagaa barazani kila jioni bila kuwahasi ni kuzidisha njaa: mimba ya paka ni miezi miwili tu, na hubeba kabla hajatimiza mwaka. Vitoto vingi hufia mitaroni au chini ya magurudumu.

Wengi wa hao tunaowaita mbwa koko wana wenyewe, ila huachiwa wazurure. Ndiyo maana wanafikika: mwenyewe akitangaziwa siku na mahali, humleta kwa kamba. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Kinachokosekana katika halmashauri nyingi ni fungu la kudumu, na naona lingetoka kwenye bajeti ya afya badala ya kuachiwa idara ya mifugo peke yake, kwa kuwa maisha yanayookolewa ni ya watu.