Maelezo ya Zana Ni Sehemu ya Programu

Zana ya kwanza niliyomwandikia wakala wa akili mnemba, yaani kipande cha programu ambacho wakala huyo hukiita ili kupata taarifa au kufanya kazi fulani, niliipa jina pata_bei, na maelezo yake yalikuwa maneno manne tu: "Hurudisha bei ya kahawa." Tulikuwa tunakitengenezea chama kimoja cha ushirika, upande wa Masaka, mfumo wa kujibu maswali ya wanachama kwa simu. Mzee mmoja aliuliza kahawa yake ya kiboko ingempatia fedha kiasi gani. Wakala aliita zana, akapata bei ya kase, akaizidisha kwa kilo za kiboko, kisha akajibu bila kusita. Kwa asiyelima kahawa, kiboko ni buni iliyokaushwa ikiwa bado na maganda yake, na kase ni ile iliyokwisha kukobolewa. Kinu kikiikoboa kiboko, karibu nusu ya uzito hutoka kama makapi. Jibu lile, basi, lilikaribia mara mbili ya fedha ambazo mzee angezishika mkononi, na lau karani wa chama asingeliona mapema, mzee angefunga safari ya kwenda kuuza akiwa na hesabu hiyo kichwani.

Wenzangu walisema modeli, yaani akili mnemba inayomwendesha wakala, imekosea. Nilikataa, na mpaka leo nakataa. Wakala haoni msimbo wetu, yaani maandishi ya programu yenyewe. Kinachomfikia ni jina la zana, maelezo yake na vigezo inavyopokea, yaani taarifa ambazo zana huhitaji kupewa ili ifanye kazi. Ndivyo zilivyofanya kazi zana za OpenAI tangu ilipozipa modeli zake uwezo wa kuita kazi za programu mnamo Juni 2023, na ndivyo ilivyo katika Model Context Protocol, itifaki ya kuunganisha modeli na zana ambayo Anthropic iliitangaza Novemba 2024. Mtayarishaji programu akikutana na maelezo mafupi hufungua msimbo, humuuliza jirani yake, hujaribu mara mbili tatu, lakini wakala husoma mstari ule mmoja na kuamua papo hapo. Safu ya hifadhidata iliyoandikwa "kase" ilikuwepo, ila yeye hakuwa na dirisha la kuichungulia.

Maelezo ya pata_bei niliyaandika upya hivi: "Hurudisha bei ya kilo moja ya robusta iliyokobolewa, yaani kase, kwa shilingi za Uganda, kama chama kilivyoirekodi siku ya soko iliyopita. Usiitumie kwa kiboko wala kwa arabika. Kwa kiboko tumia pata_bei_ya_kiboko. Mtumiaji asipotaja aina ya kahawa, muulize kwanza." Sentensi ya pili ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Wengi wetu hueleza zana inafanya nini tukasahau kusema haifai wapi, ilhali wakala mwenye zana mbili zinazofanana hupotea hasa kwenye mpaka kati yao.

Lipo pia suala la lugha. Neno kiboko kwa msomaji wa Kiswahili ni mnyama wa mtoni, au ni mjeledi. Maana ya kahawa ni ya kwetu Uganda, na si busara kutegemea kwamba modeli itaikisia kila mara. Mkulima naye hatabadilisha maneno yake kwa ajili yetu: atasema kiboko, atasema kase, na katikati ya sentensi ya Kiswahili atachomeka emmwanyi, yaani kahawa kwa Kiganda. Kwa hiyo maneno ya sokoni lazima yawemo ndani ya maelezo pamoja na maana zake, hata kama maelezo yenyewe yameandikwa kwa Kiingereza.

Saa nazo zilitusumbua kwa namna hiyo hiyo. Mwanachama akiandika kwamba ataleta mzigo kesho saa nne asubuhi, sisi sote tunajua ni saa 10:00, lakini wakala wetu alishawahi kuandika 04:00 kwenye ratiba ya ghala. Sasa kigezo cha muda kinasema wazi kwamba saa huandikwa kwa mfumo wa saa 24, na kinatoa mfano huo huo wa saa nne asubuhi. Sarafu vilevile: shilingi ziko za Uganda, za Kenya na za Tanzania, na mfanyabiashara wa mpakani, Busia au Mutukula, hushika za aina mbili kwa siku moja, kwa hiyo UGX, kifupi cha shilingi ya Uganda, huandikwa kila mahali.

Ujumbe wa kosa pia ni maelezo. "Ombi si sahihi" humwacha wakala akirudia kosa lile lile, ilhali "Tarehe iandikwe mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-03-04, umetuma 04/03/2025" humwezesha kujisahihisha mara moja.

Hoja inayotolewa dhidi yangu ni kwamba maelezo marefu hula tokeni, yaani vile vipande vya maneno ambavyo modeli husoma, kwa kuwa kwa kawaida husafiri pamoja na kila ombi. Ni kweli. Ila mimi naona penye kupunguza ni idadi ya zana. Tulikuwa nazo kumi na tisa, nyingine zikitofautiana kwa kigezo kimoja. Tuliziunganisha zikabaki saba, na tokeni zilizookolewa zikatosha kuzieleza zile saba ipasavyo.

Siku hizi, kabla ya kuziweka kazini, humpelekea karani yule maelezo peke yake yakiwa yamechapishwa, bila msimbo, na kumwomba aniambie angetumia zana ipi kwa swali lipi. Mara ya mwisho alisimamisha kalamu kwenye kigezo nilichokiita idadi_ya_magunia. "Gunia lipi, mwanangu?" aliniuliza. "La kiboko na la kase hayalingani uzito." Nilikifuta kigezo hicho pale pale mezani kwake, nikaandika uzito_kwa_kilo.