Kifaru Kilichojinyonga kwa Antena Yake

Idi pili, saa kumi jioni, kifaru changu cha rimoti kilimfuata shangazi mpaka kwenye mkeka, kikamla kanga. Tulipofungua minyororo baadaye tulitoa kitambaa kilichosagika, na katika jina lote la ile kanga neno lililosomeka lilikuwa moja tu: "mgeni".

Chanzo ni ubishi wangu wa kutaka kila kitu kifanane na kifaru cha kweli. T-34 ni kifaru cha Kisovieti cha Vita Kuu ya Pili; zile za mwanzo, za mzinga wa milimita 76, antena yake ilikaa ubavuni mwa bodi. Zilipokuja T-34/85 mwaka 1944, redio ilihamia kwenye kichwa kinachozunguka, na antena ikapanda nayo. Modeli yangu ni ya T-34/85, kipimo 1/16, sentimita 50 hivi toka mkiani hadi ncha ya mtutu. Antena ya risiva, kile kipokezi cha amri za rimoti, ilikuwa imejikunja ndani ya bodi, huku juu ya kichwa kikisimama kijiti cha plastiki cha kudanganyia watu. Nikaona aibu. Nikasema hii ya juu nayo ifanye kazi.

Nilianza na mzunguko wa kichwa. Kutoka kiwandani kichwa kile huenda nyuzi 320 hivi, kinagonga kizuizi, gia ya klachi inateleza tak-tak-tak, nawe unakirudisha kilikotoka. Kizuizi hicho hakikuwekwa kwa uchoyo; kinazilinda nyaya za taa na za mota ya mtutu zisijisokote. Mimi nikakipiga tupa mpaka kikaisha, nikafunga slipu-ringi. Kwa asiyeijua: ni kitufe chenye nyaya 12 chini na 12 juu, ndani mna vijipete na brashi, kwa hiyo nusu ya juu huzunguka milele na umeme unapita bila waya kujisokota. Yangu ina kipenyo cha milimita 22, kila waya unabeba ampea 2. Mota ya kurudisha mzinga nyuma hunywa zaidi ya hapo inapoanza, ndiyo maana niliunganisha nyaya mbili kwa chanya na mbili kwa hasi. Kazi hiyo, nijisifu kidogo, ilikuwa safi.

Kisha nikaiharibu. Waya wa antena ya gigahezi 2.4 haupitishwi kwenye slipu-ringi ya namna hiyo. Mawimbi hayo yanapotelea humo humo. Nikaupitisha pembeni yake, ukatoka kwenye risiva iliyoko bodini ukapanda kichwani, na nikauachia akiba ya sentimita 15. Sikupiga hesabu ya darasa la tano: 22 mara 3.14 ni milimita 69. Kila kichwa kikimaliza duara moja, sentimita 7 za waya zinajiviringisha kwenye ile slipu-ringi. Maduara mawili, akiba imekwisha.

Juu nako nikaichomeka ncha ya antena ndani ya mrija wa shaba, eti ipendeze. Ile ncha isiyo na ganda, milimita 31, robo ya wimbi, ndiyo antena yenyewe; waya uliobaki ni wa kuifikisha tu. Nimeifunika kwa shaba halafu nashangaa mbona haisikii vizuri. Sebuleni, mita 3, ilishika, na mimi nikaridhika.

Kosa la tatu ndilo lililomfikia shangazi. Risiva ya aina yangu, ukiiunganisha na rimoti mara ya kwanza, huandika pale vijiti vya rimoti vilipo, na siku mawimbi yakikatika hurudi kwenye maandishi hayo. Vijiti vinatakiwa viwe katikati, kifaru kisimame. Mimi siku ile mkono mmoja ulibonyeza kitufe cha risiva, wa pili ulishika betri, rimoti nikaibana kwapani. Mbavu zangu ziliamuru: mbele nusu mwendo, kichwa kushoto. Risiva ikaandika kwa utiifu.

Basi Idi pili wageni wamejaa. Shangazi yuko kwenye mkeka, mbele yake sinia la vikombe vya kahawa, dele na kashata. Nikakitoa kifaru kutoka chini ya kochi. Kichwa kikazunguka mara ya kwanza, watoto wakapiga makofi. Mara ya pili, makofi tena. Mara ya tatu nikasikia "tik" ndani ya bodi. Ni ile klipu ya antena kwenye risiva, ndogo kama kichwa cha pini, imeng'oka.

Kifaru kikakumbuka mbavu zangu.

Kikaenda mbele, kichwa kikipinda kushoto, na kila kilivyopinda kikazidi kujikaza waya shingoni. Mtutu wa kifaru hiki uko sentimita 12 hivi juu ya sakafu, kwa hiyo ulipita juu ya vikombe vyote bila kugusa hata kimoja. Dele ni refu zaidi. Likalala chali.

"Mwanangu," shangazi akasema, bado mtulivu, "mwambie huyu asimame."

Risiva isiyo na antena husikia kidogo ukiwa karibu nayo. Ningepiga hatua mbili mbele ningekishika. Mimi nikakimbilia swichi ya ukutani, nikazima. Feni ikasimama. Kifaru kina betri yake tumboni, kikaendelea.

"Mjomba, kimezima taa kitushambulie!" akapiga kelele mpwa wangu.

Kilichokisimamisha ni kanga yenyewe. Pindo liliingia kati ya mnyororo na gurudumu la meno, likajizungusha, mota ya kushoto ikakwama na kuanza kunuka. Shangazi akakipindua kwa kisigino, kikabaki kimelala mgongoni, mnyororo wa kulia ukikanyaga hewa.

Sasa risiva imebaki bodini, antena imebandikwa wima chini ya plastiki ya sitaha ya nyuma, maana plastiki haiyazuii mawimbi hayo. Iko sentimita 5 mbali na mota na betri, na ncha yake haigusi skrubu wala gia. Kila mota nimeichomea kwa solda kapasita tatu zenye alama 104: moja kati ya miguu miwili, nyingine kutoka kila mguu hadi ganda la mota, kupunguza kelele za umeme. Vijiti niliviweka katikati, rimoti mezani, nikaunganisha upya. Kisha nikakijaribu kifaru juu ya kopo, minyororo ikiwa hewani: nazima rimoti, nahakikisha kila kitu kimesimama. Juu ya kichwa kuna unywele wa ufagio wa nailoni, umepakwa rangi, haujaunganishwa na chochote.

Doti mpya nilimpelekea shangazi mwenyewe. Alipokuja tena kwetu alipanda kwenye kochi na miguu yote, akakataa kahawa mpaka nimwonyeshe betri iko wapi. Nikaitoa mfukoni. Akaipokea, akaitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.