Mgeni Rasmi na Kifungu cha 13

Mkurugenzi alitaka watazamaji wa maonyesho yetu ya haki za binadamu "watoke gizani waingie kwenye nuru". Basi nikachora njia moja nyembamba, ya kwenda tu. Unaanzia kwa Magna Carta ya mwaka 1215, hati iliyombana mfalme wa Uingereza, unapita kwa Wafaransa wa 1789 na tamko lao la haki, unakutana na Olympe de Gouges, aliyeandika tamko la haki za wanawake mwaka 1791 (miaka miwili baadaye wakamkata kichwa), kisha unatokea 1948: Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, vifungu 30, kila kimoja na bango lake. Halafu mlango wa kutokea.

Jioni ya kuamkia ufunguzi, mkurugenzi akapita akasema maandishi madogo, wazee hawataona. Mabango yakachapwa upya, makubwa. Ukuta ukabaki uleule. Tukamwachia fundi akeshe nayo.

Asubuhi mgeni rasmi akatangulia, msafara nyuma yake. Ghafla ukasimama. Nikapenya hadi mbele. Kumbe bango moja lilikosa nafasi, fundi akalipigilia mlangoni, likaziba fremu yote. Kifungu cha 13: kila mtu ana haki ya kwenda atakako nchini mwake, na kutoka katika nchi yoyote.

Mgeni rasmi akalisoma kimya. Akalisoma tena, sasa kwa sauti.

Huko nyuma watu walizidi kumiminika kutoka 1215. Wa 1789 wakawasukuma wa 1948, na mama mmoja akapiga kelele kwamba amebanwa kwa Olympe. Mzee aliyekuwa kwenye kifungu cha 20 akatusomea kuwa ni marufuku kumlazimisha mtu kujiunga na chama, naye hiki chetu hakukiomba.

Nikampigia fundi aje na bisibisi. Akaitika kwa sauti ya usingizi: "Kaka, kifungu cha 24. Haki ya kupumzika. Nimekipigilia mwenyewe saa kumi alfajiri." Akakata simu.

Mkurugenzi akashauri wote warudi kinyumenyume hadi 1215. Mgeni rasmi akamkazia macho; hotuba mfukoni mwake ilisema hatutarudi nyuma kamwe. Akavua koti, yeye na mlinzi wake wakalishika bango, wakavuta. Likang'oka na kipande cha fremu.

Akatoka nalo kwapani, jasho likimtiririka, moja kwa moja hadi getini. Askari wa geti akamnyoshea mkono.

"Mheshimiwa, kifungu hicho hakitoki hapa bila kibali."